Fuatilia siasa, lakini usilale nayo kitandani

Ukitaka kujua hali ya siasa nchini, si lazima uwashe televisheni. Keti kwenye foleni ya kliniki siku mbili baada ya maandamano makubwa. Utawasikia wanaolalamikia kichwa kisichoacha kuuma, moyo unaokwenda mbio usiku, tumbo linalochoma, shingo iliyokakamaa. Utamsikia mzee ambaye presha yake ilikuwa imetulia kwa miezi mingi, na sasa imepanda ingawa hajabadilisha chakula wala dawa. Na utawasikia wengi wakiomba kitu kimoja: "Daktari, niandikie dawa ya usingizi."

Kabla sijaandika chochote huwa nauliza: simu yako inalala wapi? Jibu aghalabu ni lile lile. Chini ya mto.

Leo nataka tuzungumze kuhusu simu hiyo na habari zilizomo. Miaka hii imekuwa migumu kwa Wakenya wengi, na sasa tunaelekea uchaguzi mkuu wa Agosti 2027, kipindi ambacho habari za siasa zitaongezeka badala ya kupungua. Sitakuambia uachane na siasa. Hiyo si kazi ya daktari, na wala si ushauri mwema kwa raia. Ninachosema ni kwamba kuijali nchi na kuujali mwili wako ni mambo yanayokwenda pamoja, na anayepuuza moja hatadumu katika jingine.

HASIRA YAKO SI UGONJWA

Tuanze na lililo wazi. Juni 2024 vijana walimiminika barabarani kuupinga Mswada wa Fedha. Juni 25 waandamanaji waliingia katika majengo ya Bunge, risasi zikafyatuliwa, na siku iliyofuata Rais William Ruto akatangaza kwamba hatautia saini mswada huo. Kufikia Julai 1, tume ya taifa ya haki za binadamu, KNCHR, ilikuwa imerekodi vifo 39 na majeruhi 361. Zikafuata taarifa za vijana waliotekwa nyara. Juni 2025 Albert Ojwang alifariki akiwa mikononi mwa polisi. Mwezi huo huo, katika kumbukumbu ya Juni 25, na tena siku ya Saba Saba, watu zaidi walipoteza maisha.

Kama uliyaona hayo ukalia, ukakosa hamu ya kula, au ukawaka hasira, wewe si mgonjwa. Mtu mwenye utu akiona mtoto wa mwenzake akipigwa risasi huumia. Hakuna kidonge cha kutibu uchungu huo, na daktari hapaswi kukupa dawa ili usiuhisi. Tiba ya kwanza ya msongo huu haimo katika duka la dawa. Imo mikononi mwa wale wenye uwezo wa kuzuia risasi zisifyatuliwe na kuhakikisha aliyefyatua anajibu mashtaka.

Vilevile sikubaliani na wanaosema, "Zima simu, siasa haikuhusu." Bei ya mkate inamhusu anayeununua. Karo inamhusu mzazi. Dawa zinazokosekana hospitalini zinamhusu mgonjwa. Ni wachache sana wanaoweza kuamua kwamba siasa haiwafikii.

Lakini presha haiulizi kama hasira yako ni ya haki. Inapanda tu.

MWILI UNAFANYA NINI UKISOMA HABARI

Unapoona hatari, ubongo huamuru homoni zimwagwe katika damu, zikiwemo adrenalini na kotisoli. Moyo hupiga haraka, presha hupanda, ini huachilia sukari, misuli hukaza, tumbo hupunguza kazi ya kusaga chakula. Ni mpango mzuri sana kama umekutana na nyoka njiani. Unaruka, unakimbia, nyoka anatokomea, na baada ya muda mfupi mwili unarudi katika hali yake.

Video iliyo kwenye simu haitokomei. Ukiimaliza, inafuata nyingine. Kundi la WhatsApp la familia linaileta, kundi la chama linaileta, kundi la wazazi wa shule nalo linaileta. Mwili unaamriwa kukimbia mara thelathini kwa siku huku umekaa kwenye kiti. Saa sita usiku bado moyo uko tayari kwa mbio, kisha unashangaa mbona usingizi hauji.

Watafiti wa Marekani waliwahi kulichunguza jambo hili. Aprili 2013 mabomu mawili yalilipuka karibu na mwisho wa mbio za marathon jijini Boston. Katika wiki zilizofuata, waliwahoji zaidi ya watu wazima 4,000. Matokeo, yaliyochapishwa mwaka 2014, yalionyesha kwamba waliofuatilia habari za mkasa huo kwa saa sita au zaidi kila siku katika wiki iliyofuata waliripoti dalili nyingi zaidi za msongo mkali kuliko hata watu waliokuwa katika eneo la tukio au karibu nalo.

Tuusome utafiti huo kwa makini. Hausemi kwamba kutazama ni kubaya kuliko kujeruhiwa. Pia huenda wenye wasiwasi zaidi ndio waliotazama zaidi. Hata hivyo, ninayoyaona kliniki yanaelekea upande huo huo: kuna watu ambao hawakukanyaga barabara yoyote ya maandamano, lakini miili yao ina dalili kama za aliyekuwepo.

Na hapa ndipo ninapotaka uniwie radhi kwa kusema wazi. Kutazama kwa saa sita hakumsaidii aliyeumia hata kidogo. Kunatupa hisia kwamba tunafanya jambo, kwamba tumesimama na wenzetu. Ukweli ni kwamba tumekaa peke yetu gizani tukijichosha. Kama una saa sita za kuipa nchi yako, usizimalizie kwenye kioo cha simu.

KAMA UNA UGONJWA WA KUDUMU

Wenye presha, kisukari, pumu, kifafa, vidonda vya tumbo, na kina mama wajawazito, nawaomba muwe waangalifu kuliko wengine.

Pima presha nyumbani au kliniki ukiwa umetulia kwa dakika tano, si mara tu baada ya kutoka kwenye mjadala wa siasa. Ikiwa inazidi 140 kwa 90 mara kwa mara, nenda kliniki. Ikifika 180 kwa 120, na una maumivu ya kifua, unashindwa kupumua, upande mmoja wa mwili umelegea au macho yanaona ukungu, usisubiri kesho. Hiyo ni dharura.

Mwenye kisukari ajue kwamba msongo wenyewe unaweza kupandisha sukari hata bila kula kitu kitamu. Usikimbilie kujiongezea dawa. Pima, andika, umwonyeshe mhudumu wako.

Na liko jambo la kawaida ambalo watu hulisahau. Siku ya Saba Saba mwaka 2025 polisi waliziba barabara kuu za kuingia Nairobi, magari ya uchukuzi yakawa haba. Mtu mwenye miadi ya kliniki siku kama hiyo hafiki, na dawa zilizobaki nyumbani ndizo zitakazomwokoa. Kwa hivyo kila inapotangazwa siku ya maandamano, hakikisha una dawa za wiki moja zaidi. Mjamzito aliyekaribia kujifungua apange mapema atalala wapi na atasafirishwa na nani.

Kuhusu dawa za usingizi, tafadhali usizinunue kiholela wala kuazima za jirani. Dawa kama diazepamu huzoewa na mwili upesi, na kuziacha ghafla baada ya muda ni shida. Kwa wazee huleta kizunguzungu, na kwa umri huo kuanguka ni kuvunjika nyonga. Zikichanganywa na pombe zinaweza kudhoofisha upumuaji hadi mtu asiamke. Pombe yenyewe humlaza mtu haraka kisha humwamsha saa tisa usiku akiwa na mawazo maradufu.

RATIBA YA HABARI

Hivi ndivyo ninavyowashauri wagonjwa wangu, na hakuna hata moja linalohitaji pesa.

Chagua nyakati mbili za habari kwa siku, kwa mfano baada ya kifungua kinywa na jioni kabla ya chakula, dakika ishirini au thelathini kila mara. Soma gazeti, sikiliza taarifa ya redio, fungua vyombo viwili au vitatu unavyoviamini. Zima milio ya arifa. Jambo kubwa likitokea utaambiwa. Hakuna Mkenya aliyewahi kukosa kusikia.

Soma kuliko kutazama. Maandishi yatakueleza nani, wapi na kwa nini, bila kukuwekea damu machoni. Ukitumiwa video ya maiti au ya mtu anayepigwa, huna wajibu wa kuifungua. Usiisambaze pia. Aliye kwenye video ana mama, na mama huyo ana simu. Kama ni ushahidi, upeleke kwa wanaochunguza haki za binadamu au kwa wakili, si kwa kundi la harusi.

Simu ilale sebuleni. Kama unaitumia kukuamsha, nunua saa ya mezani. Saa moja kabla ya kulala iwe ya mambo ya nyumbani: kuoga, kupanga nguo za kesho, kusali kama wewe ni mtu wa sala, kuzungumza na mwenzako kuhusu jambo lisilo na mwanasiasa ndani yake. Mtu mzima anahitaji angalau saa saba za usingizi.

Moyo ukianza kwenda mbio, kaa, kanyaga sakafu kwa nyayo zote mbili. Vuta pumzi polepole kwa pua ukihesabu hadi nne, iachilie polepole ukihesabu hadi sita. Endelea hivyo dakika tano. Tazama vitu vitano vilivyo karibu nawe uvitaje kimoja kimoja. Kufanya hivi hakutaibadilisha serikali. Kutaukumbusha mwili kwamba kwa sasa hivi, hapo ulipo, hukimbizwi na mtu.

Tembea. Zile homoni ziliandaliwa kwa ajili ya misuli, basi ipe misuli kazi. Nusu saa ya mwendo wa haraka, kulima shamba, kufua kwa mikono, vyote vinafaa.

Kisha tafuta jambo moja la kufanya kwa mikono yako. Hakikisha umejiandikisha kuwa mpigakura. Hudhuria kikao cha maoni kuhusu bajeti ya kaunti. Mtembelee jirani aliyefiwa. Changia bili ya majeruhi. Wasiwasi hupungua mtu anapotenda, hata tendo likiwa dogo, na kuketi na wenzako hupunguza zaidi.

WATOTO WANASIKIA

Mzazi, usidhani kwamba kwa kuwa mtoto anacheza pembeni hasikii taarifa ya saa moja. Mtoto mdogo akiona video ile ile mara tano anaweza kuamini kwamba watu watano tofauti wamepigwa. Tena hajui Nairobi ni mbali au ni karibu. Kwake polisi yule wa kwenye televisheni anaweza kuwa nje ya lango.

Dalili zake si kusema, "Nina msongo." Atakojoa kitandani ilhali alikuwa ameacha. Ataumwa na tumbo kila asubuhi ya shule. Atakataa kulala peke yake, au atakuwa mkali ghafla. Mkubwa wa shule ya upili atajifungia chumbani na alama zitashuka.

Zima televisheni anapokuwa hapo. Muulize kwanza amesikia nini, ili ujue cha kurekebisha. Mjibu ukweli kwa kiasi cha umri wake: "Ndiyo, kuna watu waliumia. Walikuwa wanaomba serikali ibadilishe jambo. Hapa nyumbani tuko salama, na baba atarudi jioni kwa njia ya ile barabara nyingine." Usimdanganye kwamba hakuna kitu, amekwisha kukuona ukilia. Ratiba ya kula, kuoga na kulala isibadilike, kwa kuwa ratiba ndiyo inayomwambia mtoto kwamba dunia bado iko mahali pake.

Na wazazi wa vijana wakubwa: najua hofu yenu. Kumfungia mlango kijana wa miaka ishirini na miwili hakusaidii, na matusi hayasaidii. Mwambie unaogopa, kwa neno hilo hilo. Kisha mkubaliane: ataandamana na nani, atapiga simu saa ngapi, kitambulisho na namba za nyumbani ziko wapi. Kijana anayejua anaweza kurudi nyumbani bila kuzomewa ndiye atakayekuambia siku usingizi ukimtoroka.

KWA WANAOSHIKA MABANGO

Ninyi vijana ambao hamtazami tu bali mnatoka, neno langu kwenu si "kaeni nyumbani." Ni kwamba mwili mnaoutumia ni huo mmoja.

Usiende peke yako. Kula na unywe maji kabla ya kutoka. Mwenye pumu asikose kipulizio chake mfukoni. Ukipatwa na gesi ya kutoa machozi, ondoka penye moshi uelekee penye hewa safi, usisugue macho, yaoshe kwa maji mengi safi, na ubadilishe nguo ukifika nyumbani. Kifua kikiendelea kubana au macho kuuma baada ya saa moja, nenda hospitali.

Baada ya siku nzito, msitawanyike kila mtu akaingia chumbani na simu yake. Kaeni pamoja, mle, kila mmoja aseme aliyoyaona ikiwa anataka. Pangeni zamu: wiki hii fulani anaongoza ukurasa, wiki ijayo anapumzika kabisa. Wengi wananiambia wanaona aibu kupumzika ilhali wenzao wamezikwa au wako rumande. Aibu hiyo naielewa. Lakini aliyepumzika si msaliti.

Historia yetu inalo somo hapa. Machi 1992 Wangari Maathai alikuwa na akina mama waliogoma kula katika bustani ya Uhuru Park, wakidai wana wao waliofungwa kwa sababu za kisiasa waachiliwe. Polisi waliwapiga, naye akapoteza fahamu na kulazwa hospitalini. Alitibiwa, kisha akarudi kuungana na akina mama hao, ambao walikuwa wamehamia kanisa la All Saints Cathedral. Mgomo wao uliendelea karibu mwaka mzima, hadi wengi wa wana wao wakawa huru. Kulazwa hospitalini hakukumtoa katika harakati. Kulimrudisha. Wala hakuna hata mmoja kati ya akina mama hao aliyekaa pale peke yake.

LINI UMWONE DAKTARI

Huzuni ya siku chache ni ya kawaida. Lakini tafuta msaada ikiwa kwa wiki mbili au zaidi huna raha na lolote, hulali au unalala kutwa, huli, hufanyi kazi. Tafuta msaada ikiwa mwezi umepita tangu uone tukio baya na bado linakurudia katika ndoto, unashtuka kwa mlio wa pikipiki, au unazunguka mbali kuepuka mtaa fulani. Tafuta msaada ikiwa pombe imeongezeka ili upate kulala. Na ikiwa umewaza kwamba afadhali ufe, au umemsikia mwanao akisema hivyo hata kwa mzaha, ni leo, si wiki ijayo.

Laini ya 1199 ya Shirika la Msalaba Mwekundu la Kenya ni ya bure, na huko utapata mtu wa kuzungumza naye. Nenda pia hospitali ya kaunti uulizie kliniki ya afya ya akili. Kuingia mlango huo hakumfanyi mtu kuwa mwendawazimu.

Wengine huogopa kusema kwa sababu walisikia kwamba anayejaribu kujiua hufungwa jela. Ni kweli kifungu cha 226 cha sheria ya makosa ya jinai kilisema hivyo. Januari 2025 Mahakama Kuu iliamua kwamba kifungu hicho kinakwenda kinyume na Katiba. Basi usiufiche uchungu wako kwa kuogopa jela. Mficha maradhi kifo humuumbua.

Nawe uliyeisoma makala hii kwenye simu, ukiwa umelala chali saa tano usiku, nina ombi moja. Amka uiache sebuleni kwenye chaji, unywe maji, urudi ulale. Habari za kesho utazipata kesho, baada ya chai.